Kuunganisha muundo wa jedwali na faili lake la data katika MySQL na MariaDB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa sura nyingi, lakini shida ni ileile: jina la jedwali lipo, faili lipo kwenye diski, na seva inakataa kuvitambua kuwa kitu kimoja. Majibu yanahusu zaidi majedwali ya injini ya InnoDB, yaani sehemu ya seva inayohifadhi na kusoma data, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa na wengi. CSV na PostgreSQL zimeguswa mwishoni.

Nimenakili folda ya kanzidata kutoka kompyuta ya zamani. Majedwali yanaorodheshwa, ila nikiyafungua naambiwa hayapo. Inakuwaje?

Orodha unayoiona na data unayoitafuta vinatoka sehemu mbili tofauti. Katika MariaDB, na katika MySQL hadi toleo la 5.7, orodha hutokana na mafaili ya .frm yaliyomo ndani ya folda. Seva ikikuta mauzo.frm inaamini kuna jedwali la mauzo. Data yenyewe, hata hivyo, iko mikononi mwa InnoDB, na InnoDB ina daftari lake la ndani lililomo katika faili la ibdata1. Humo kila jedwali limeandikwa jina lake, safu zake, indeksi zake na namba ya faili lake la .ibd.

Namba hiyo ndiyo kifungo. Imo kwenye daftari, na imo pia ndani ya faili lenyewe: kila ukurasa wa .ibd, ambao kwa kawaida ni wa kilobaiti 16, una baiti nne kuanzia nafasi ya 34 zinazotaja namba hiyo. InnoDB ikifungua faili hulinganisha namba mbili hizi kabla ya kusoma chochote.

Uliponakili folda peke yake ulibeba .frm na .ibd, daftari ukaliacha kule. Daftari la kompyuta mpya halijawahi kusikia habari za jedwali la mauzo, kwa hiyo MariaDB hutoa kosa namba 1932, *Table 'duka.mauzo' doesn't exist in engine*, na MySQL 5.7 hutoa namba 1146 bila maelezo zaidi. Ikiwa .ibd iko salama, data yako bado ipo. Kinachotakiwa ni kufunga kifungo upya, na hatua zake ziko chini.

Zamani nilikuwa nanakili folda na kila kitu kinafanya kazi. Nini kimebadilika?

Zamani ulikuwa unatumia MyISAM, injini nyingine ya kuhifadhi majedwali. Jedwali la MyISAM lina mafaili matatu: .frm ya muundo, .MYD ya data na .MYI ya indeksi. Hakuna daftari la pembeni. Seva ikiwa imezimwa, ukiyabeba yote matatu umebeba jedwali zima, na wengi walijifunza kazi wakiwa na mazoea hayo.

InnoDB ilitoka kwingine. Iliandikwa na Heikki Tuuri wa Finland katika kampuni yake ya Innobase, ikachomekwa ndani ya MySQL ikiwa tayari na utaratibu wake kamili wa kujua ina nini na kiko wapi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi muundo wa jedwali moja ulikuwa unaandikwa mara mbili, upande wa seva na upande wa InnoDB, na pande hizo ziliweza kutofautiana. MySQL 5.5, ya mwaka 2010, ndiyo iliyoifanya InnoDB kuwa injini ya kawaida, na hapo ndipo mazoea ya kunakili folda yalipoanza kuwaumiza watu.

MySQL 8.0, ya mwaka 2018, iliondoa mafaili ya .frm kabisa. Muundo wote sasa uko katika faili moja liitwalo mysql.ibd, na nakala ya muundo wa kila jedwali imewekwa ndani ya .ibd yake yenyewe. MariaDB, iliyojitenga na MySQL mwaka 2009, imebaki na .frm.

Nina faili la .ibd na ninaujua muundo wa jedwali. Nifuate hatua gani?

Kwanza weka nakala ya .ibd mahali pengine, nje kabisa ya folda ya seva. Hilo si pambo. Moja ya amri zinazofuata hufuta faili la .ibd lililopo, na aliyeliacha faili lake la pekee ndani ya folda hiyo atalipoteza.

Tengeneza jedwali tupu lenye muundo uleule, kisha liachanishe na faili lake jipya:

`CREATE TABLE mauzo ( ... ) ENGINE=InnoDB;`
`ALTER TABLE mauzo DISCARD TABLESPACE;`

Baada ya amri ya pili, daftari linalijua jedwali lakini halina faili. Sasa nakili .ibd yako ya zamani uiweke ndani ya folda ya kanzidata hiyo, kwa jina lilelile la jedwali. Kwenye Linux hakikisha mwenye faili ni mtumiaji wa seva:

`chown mysql:mysql mauzo.ibd`
`chmod 640 mauzo.ibd`

Halafu:

`ALTER TABLE mauzo IMPORT TABLESPACE;`

Amri hii hupitia faili ukurasa kwa ukurasa. Hukagua kama ukurasa umeharibika, huandika namba mpya ya faili mahali pa ile ya zamani, na husahihisha alama za mfuatano wa mabadiliko ili ziendane na seva mpya. Kwa hiyo faili la gigabaiti nyingi litachukua muda, hasa kwenye diski ya kuzunguka. Usiikate katikati.

Ukitumia MariaDB 11.2 au ya baadaye, unaweza kuruka CREATE na DISCARD: weka .frm, .ibd na .cfg ndani ya folda, kisha toa amri ya IMPORT moja kwa moja.

Muundo "uleule" maana yake nini hasa? Safu zikiwa na majina sawa haitoshi?

Haitoshi. Safu ziwe kwa mfuatano uleule, aina zilezile, urefu uleule, na hali ileile ya kukubali au kukataa NULL. Seti ya herufi nayo iwe ileile, kwa sababu utf8 na utf8mb4 zina idadi tofauti ya baiti kwa herufi. Indeksi zilingane kwa idadi na mfuatano. INT UNSIGNED si INT, na safu ya ENUM yenye chaguo moja lililosahaulika itakusomea maneno yasiyo yake.

Jambo linalowakamata wengi ni mpangilio wa rekodi, yaani ROW_FORMAT. Jedwali lililotengenezwa na MySQL 5.6 kwa kawaida ni COMPACT. Kuanzia 5.7.9, na kuanzia MariaDB 10.2, kawaida ni DYNAMIC. Ukitengeneza jedwali jipya bila kutaja mpangilio, ukaleta faili la zamani, utapata kosa 1808 likikuambia *Schema mismatch*. Lisome hadi mwisho kabla ya kukasirika: mara nyingi linataja wazi kwamba jedwali ni la mpangilio huu na faili ni la mpangilio ule. Tengeneza jedwali upya ukiandika ROW_FORMAT=COMPACT mwishoni, basi.

Na kama muundo siukumbuki?

Anzia mahali rahisi. Programu inayotumia kanzidata hiyo huenda inao muundo: Laravel ina folda ya migrations, Django ina models.py, na programu nyingi za PHP zina faili la .sql la usakinishaji. Tafuta pia dampu za zamani, yaani mafaili ya SQL yanayoweza kujenga kanzidata upya, kwenye barua pepe na flashi. Dampu ya mwaka juzi yenye data iliyopitwa na wakati bado ina CREATE TABLE unayoihitaji, mradi muundo haujaguswa tangu hapo.

Ikiwa faili linatoka MySQL 8.0, una bahati. Muundo umo ndani ya .ibd, na chombo kinachokuja na MySQL kinautoa:

`ibd2sdi mauzo.ibd > mauzo.json`

Utapata majina ya safu, aina, indeksi, mpangilio wa rekodi na mengine mengi kwa umbo la JSON. Kuigeuza kuwa CREATE TABLE ni kazi ya mkono inayohitaji utulivu.

Ikiwa ni MariaDB au MySQL ya zamani, muundo umo kwenye .frm. Chombo cha mysqlfrm, kilichokuwa sehemu ya MySQL Utilities, husoma faili hilo na kukuandikia CREATE TABLE. Kikitumiwa na chaguo la --diagnostic husoma bila kuhitaji seva, ingawa matokeo yake yanahitaji kukaguliwa, hasa kwenye seti za herufi.

Ukiwa na .ibd ya zamani, huna .frm, huna dampu wala msimbo wa programu, kazi inakuwa ya kubahatisha. Yawezekana kuifanya, kwa vyombo vinavyosoma kurasa za InnoDB moja kwa moja, lakini panga siku nzima na umwambie mwenye data ukweli mapema.

Faili la .cfg ni la nini? Sina.

Hili huzaliwa pale unapotoa jedwali kwa njia rasmi, seva ya zamani ikiwa bado hai:

`FLUSH TABLES mauzo FOR EXPORT;`

Amri hiyo huandika kwenye diski kila kitu cha jedwali kilichokuwa bado kumbukumbuni, hufunga uandishi, na hutengeneza mauzo.cfg yenye maelezo ya safu na indeksi. Nakili .ibd na .cfg ukiwa bado umeliacha wazi dirisha ulilotolea amri hiyo, kisha ndipo utoe UNLOCK TABLES. Ukiitoa mapema, .cfg inafutwa, na watu huitafuta wakidhani seva haikuitengeneza.

Bila .cfg uingizaji bado unawezekana. Seva itatoa onyo kwamba haijaweza kulinganisha muundo, kisha itaendelea. Maana yake ni kwamba jukumu la kulinganisha ni lako, na ukikosea aina ya safu hutapata kosa, utapata data ya ajabu. Tahadhari zaidi inahitajika kwa MySQL 8.0 ikiwa jedwali liliwahi kuongezewa safu kwa njia ya INSTANT, yaani bila kuandika upya rekodi zilizokuwepo. Hapo rekodi za zamani na mpya hazina umbo moja ndani ya faili, na kuingiza bila .cfg ni hatari kweli. Kama seva ya zamani bado inawaka, rudi ukatoe jedwali kwa FOR EXPORT.

Nimepata kosa 1812, au 1813, au 1814. Yana tofauti gani?

1812 ni jedwali lililo kwenye daftari lakini faili lake halionekani. Angalia kama .ibd iko mahali pake, jina limeandikwa sawasawa, na seva ina ruhusa ya kuisoma.

1813 ni kinyume chake: unataka kutengeneza jedwali, na kuna .ibd ya jina hilo ambayo tayari imekaa ndani ya folda. Mara nyingi ni masalia ya jaribio lililotangulia. Lihamishe faili hilo nje, usilifute, halafu rudia CREATE TABLE.

1814 hutokea ukijaribu kusoma jedwali ulilolifanyia DISCARD kabla hujafanya IMPORT. Maliza kazi.

Kila kitu kiko sawa lakini seva ya Linux bado inadai haioni faili.

Kama umiliki ni sahihi, tazama mambo mawili. SELinux, kwenye mifumo ya familia ya Red Hat, huzuia faili lililoletwa kutoka folda ya nyumbani hata likiwa na ruhusa zote. Amri ya restorecon kwenye folda ya data huondoa tatizo. La pili ni herufi kubwa na ndogo. Windows huhifadhi majina ya majedwali kwa herufi ndogo, Linux hutofautisha Mauzo na mauzo. Mpangilio wa lower_case_table_names ndio unaoamua, na katika MySQL 8.0 huwezi kuubadilisha baada ya seva kuanzishwa mara ya kwanza.

Majina yenye alama hugeuzwa pia: jedwali liitwalo mauzo-2023 lina faili liitwalo mauzo@002d2023.ibd.

Ninatumia XAMPP. Umeme ulikatika, MySQL haiwaki tena. Nimeshauriwa nibadilishe folda ya data kwa ile ya backup. Nifanye?

Ushauri huo unazunguka sana, na nusu yake ni sahihi. Tatizo ni nusu inayosahaulika.

XAMPP ya siku hizi ina MariaDB ndani yake, ingawa kitufe kimeandikwa MySQL. Folda ya C:\xampp\mysql\backup ina kanzidata tupu kama ilivyokuwa siku ya usakinishaji, pamoja na ibdata1 yake tupu. Mtu akibadilisha folda nzima kisha akarudisha folda za kanzidata zake peke yake, seva itawaka vizuri na majedwali yote yatatoa 1932. Ni ileile hadithi ya swali la kwanza: daftari ni jipya.

Fanya hivi. Zima kila kitu, ibadilishe jina folda ya data kuwa data_zamani, na usiiguse tena isipokuwa kwa kunakili kutoka humo. Tengeneza data mpya kwa kunakili backup. Kisha lete kutoka data_zamani folda za kanzidata zako, ibdata1, na mafaili ya ib_logfile yaliyokuwa nayo. Acha folda iitwayo mysql ibaki ile ya backup, kwa sababu mara nyingi kilichoharibika ni majedwali ya Aria (injini nyingine ya MariaDB) yaliyomo humo, yanayohifadhi watumiaji na ruhusa. Manenosiri uliyoweka itabidi uyaweke upya.

Kama bado haiwaki, weka innodb_force_recovery=1 kwenye my.ini, jaribu, na panda namba moja moja. Ukifika 4 unacheza na moto, kwa kuwa kuanzia hapo seva inaweza kuharibu data moja kwa moja. Ikiwaka kwa namba yoyote, toa dampu papo hapo.

Nilinakili .ibd seva ikiwa inafanya kazi. Itafaa?

Labda. Seva iliyo hai huacha sehemu ya mabadiliko kwenye kumbukumbu na kwenye mafaili ya redo, yanayoandika mabadiliko kabla hayajafika kwenye .ibd, na IMPORT haisomi mafaili ya redo. Unaweza kupata kurasa zilizoandikwa nusu, au rekodi za saa za mwisho zikakosekana.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana haraka. Kwa mipangilio ya kawaida ya matoleo mengi, mabadiliko ya indeksi za ziada yanaweza kusubiri ndani ya ibdata1 kabla ya kufikishwa kwenye .ibd. Faili ulilolibeba bila ibdata1 linaweza kuwa na data kamili na indeksi pungufu, na swali lilelile likakupa majibu mawili kulingana na indeksi iliyotumika. Ukishaingiza, endesha CHECK TABLE, kisha jenga jedwali upya kwa ALTER TABLE mauzo FORCE. Ujenzi huo husoma rekodi kwa ufunguo msingi na kuzitengeneza indeksi nyingine zote kutoka mwanzo.

Naweza kuchukua .ibd ya 5.7 nikaiweka kwenye 8.0? Au ya MySQL kwenye MariaDB?

Chukulia kwamba huwezi. Njia hii imekusudiwa seva za mfululizo mmoja zenye ukubwa sawa wa ukurasa. Pakua toleo la zamani, liwashe kwenye kompyuta yoyote au kwenye kontena la Docker, ingiza .ibd humo, kisha toa dampu na uipeleke unakotaka. Inaonekana kuzunguka, lakini ni fupi kuliko kupigana na 1808 usiku kucha.

Jedwali lina funguo za kigeni. Lina vipande pia.

Kwa funguo za kigeni, toa `SET foreign_key_checks=0;` kabla ya DISCARD. Kumbuka kwamba IMPORT haikagui kama watoto (rekodi zinazorejelea) wana wazazi (rekodi zinazorejelewa), kwa hiyo lete majedwali yote yanayohusiana yakiwa ya wakati mmoja. Kwa vipande (partitions), kila kipande kina .ibd yake, na kuanzia MySQL 5.7 unaweza kukishughulikia peke yake kwa `ALTER TABLE mauzo IMPORT PARTITION p2023 TABLESPACE`.

ibdata1 imekua kubwa kupita kiasi. Nifute?

Usifute. Umeshaona kilichomo. Ikiwa mpangilio wa innodb_file_per_table ulikuwa umezimwa, kama ilivyokuwa kawaida kabla ya 5.6, hata data ya majedwali imo humo. Kuipunguza, kwenye matoleo mengi, kunahitaji kutoa dampu ya kila kitu, kuanzisha seva upya na kurudisha.

Diski imejaa. Naweza kuhamishia jedwali moja kwenye diski nyingine?

Ndiyo, kwa kutengeneza jedwali lenye DATA DIRECTORY='/diski2/data' na kuhamishia rekodi humo. Katika MySQL 8.0 folda hiyo itajwe pia kwenye innodb_directories. Usihamishe .ibd kwa mkono na kuacha kiungo cha mfumo, hata kama kinaonekana kufanya kazi. Siku ALTER TABLE itakapojenga faili jipya, kiungo chako kitaachwa nyuma.

Ninachotaka ni rahisi zaidi: jedwali linalosoma faili langu la CSV moja kwa moja.

MySQL na MariaDB zina injini ya CSV. Tengeneza jedwali lenye ENGINE=CSV, safu zote zikiwa NOT NULL na bila indeksi yoyote. Seva itatengeneza bei.CSV ndani ya folda. Badilisha yaliyomo kwa faili lako, bila mstari wa vichwa, kisha toa `FLUSH TABLE bei;`. Tahadhari na REPAIR TABLE hapa: ikikutana na mstari mbovu, hubakiza ya kabla yake na kutupa yote yanayofuata, hata yaliyo mazima.

PostgreSQL ina file_fdw kwa kazi hiyohiyo. Husoma tu, haiandiki, na ukilifuta jedwali faili linabaki.

Vipi PostgreSQL, nayo ina kitu kama IMPORT TABLESPACE?

Haina. Amri ya `SELECT pg_relation_filepath('mauzo');` itakuonyesha faili, mfano base/16384/24576, na jedwali likizidi gigabaiti 1 litagawanywa mafaili kadhaa. Jina hilo hubadilika ukifanya TRUNCATE au VACUUM FULL. Lakini hata ukilibeba faili, kila rekodi ndani yake inataja namba ya muamala ulioiandika, na hatima ya miamala hiyo imeandikwa kwenye pg_xact ya seva ile ya zamani. Seva mpya haina njia ya kujua ipi ilithibitishwa na ipi ilitenguliwa. Beba folda nzima ya data seva ikiwa imezimwa na toleo kuu likiwa lilelile, au tumia pg_dump.